Kabla Nyundo ya Dalali Haijagonga: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba ya Rehani Mpanda na Katavi

Hakuna mji Tanzania usio na nyumba iliyopakwa ukutani maneno "NYUMBA HII HAIUZWI", mara nyingi kwa rangi nyekundu na namba ya simu chini yake. Maneno hayo humtia hofu kishoka anayetaka kuuza kwa siri nyumba ya marehemu. Kwa benki iliyofungia hati yako kabatini hayana uzito wowote. Dalali atasimama mbele ya ukuta huohuo, ataita bei, atagonga nyundo, na mnunuzi ataondoka na risiti yake.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Manispaa ya Mpanda, wa Nsimbo, Tanganyika, Mlele au Mpimbwe ambaye marejesho yamemshinda na barua zimeanza kuja. Kuna jambo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: sheria zetu humlinda mkopaji kabla ya mnada, na baada ya mnada humlinda mnunuzi. Tena Serikali haina nyumba za akiba kwa familia iliyotolewa kwa sababu ya deni. Kwa hiyo nguvu, nauli na hela ya wakili zitumike mapema, wakati nyumba bado ni yako.

Anza na karatasi uliyosaini

Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, tafuta mkataba wako wa mkopo uusome. Kama huna nakala, iombe kwa barua. Watu wengi huhangaika miezi wakisema "benki inataka nyumba yangu" kumbe anayewadai si benki, au nyumba haikuwahi kuwekwa rehani kabisa. Njia ya kujitetea inategemea sana ulisaini nini.

Hali ya kwanza ni rehani kamili, ile iliyosajiliwa kwenye hati yako. Hapo mkopeshaji ana haki ya kuuza bila kwenda mahakamani kwanza, na hili ndilo linalowashangaza wengi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya 2004 na yale ya mikopo ya nyumba ya 2008, imempa uwezo huo ilimradi afuate hatua zilizowekwa. Kama huna uhakika, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa hapo Mpanda mjini uombe upekuzi wa kiwanja chako. Utaona kama rehani imesajiliwa, ya nani, na jina la mmiliki bado ni lako au la.

Hali ya pili ni ya wakopeshaji wadogo, wale ambao mtaani tunawaita kausha damu. Wengi wao hawataki hati. Wanataka barua ya serikali ya mtaa na, hapa uwe macho, "mkataba wa mauziano" wa nyumba yako uliosainiwa siku ileile unayochukua mkopo. Karatasi hiyo inasema umeuza nyumba na umepokea pesa. Ukichelewa marejesho, mkopeshaji hakudai tena. Anakuja kama mnunuzi. Usiisaini kamwe. Kama umekwishaisaini, kusanya kila kinachoonyesha kwamba ule ulikuwa mkopo: meseji za kukumbushwa marejesho, miamala ya simu ya kila wiki, daftari la riba, mashahidi waliokuwepo. Bila vitu hivyo utapata shida kulishawishi baraza kwamba hukuuza. Fahamu pia kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji wa aina hii lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja lake ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza asilimia 20 kwa mwezi huku hana leseni ana sababu nzuri ya kutotaka mambo yafike mbali.

Hali ya tatu inawahusu wakulima wa tumbaku na mazao mengine. Deni la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni deni la chama. Nyumba yako haiingii humo kwa sababu tu wewe ni mwanachama. Itaingia kama ulisaini rehani au udhamini ukaitaja. Mkichanganyiwa madeni ya pembejeo na ya chama, mgogoro huo una njia yake kupitia Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na ofisi yake ina mwakilishi mkoani.

Ya nne ndiyo isiyojulikana kabisa. Mtu anaweza kukushtaki kwa deni la kawaida, akashinda, kisha akataka mahakama ikamate nyumba yako. Hapo Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayotumika kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, ina orodha ya mali zisizokamatwa. Nyumba anamoishi mdaiwa, mke wake na watoto wanaomtegemea imo katika orodha hiyo. Ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanategemea ardhi hiyo imo, na zana za kazi zimo. Mkulima wa Kakese au Mwamkulu anayetishiwa kuuziwa jaruba lake kwa deni la dukani anapaswa kulijua hili kabla hajakubali lolote. Lakini usitegemee kinga hii kama nyumba uliiweka rehani mwenyewe, kwa hiari na kwa utaratibu.

Siku 60 za kwanza

Ukishindwa marejesho ya rehani, benki inapaswa kukupa notisi ya maandishi. Notisi hiyo lazima ieleze umekosa nini na kwa kiasi gani, ufanye nini ili kurekebisha, na kwamba zikipita siku 60 tangu uipokee, deni lote litadaiwa kwa mkupuo na benki itaweza kuuza. Siku zinahesabiwa tangu kupokea. Ukipewa notisi, isaini, andika tarehe na saa, piga picha. Wapo wanaojificha chumbani wakamtuma mtoto aseme "baba hayupo". Kujificha hakusimamishi kitu: notisi inaweza kubandikwa mlangoni au kufikishwa kwa njia nyingine, na wewe utakuwa umepoteza siku bila kujua umebakiza ngapi.

Usichanganye notisi hii na ile ya siku 14 inayoletwa na dalali. Ile ya dalali huja mwishoni. Kama karatasi ya kwanza kabisa kufika mlangoni kwako ni ya dalali, na hukuwahi kupata ya siku 60, una hoja ya maana ya kupeleka barazani, na uipeleke wiki hiyohiyo.

Katika siku hizo 60, kazi ya kwanza ni kwenda tawini. Nenda mwenyewe, nenda na mwenzi wako, na nenda na barua. Maneno ya mdomo na afisa mikopo hayabaki popote. Afisa huyo anaweza kuhamishiwa Kigoma kesho. Katavi tuna hoja ambayo mkopaji wa Dar es Salaam hana: fedha yetu huja kwa msimu. Mpunga, mahindi na tumbaku huuzwa katikati ya mwaka, baada ya mvua kwisha, wakati mikopo mingi inadai kila mwezi kana kwamba kila mtu ana mshahara. Benki inaweza kukupangia upya marejesho yafuate mavuno, ila lazima uwaonyeshe hesabu. Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Kwa mfano:

"YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO, MKOPO NA. ___. Tafadhali husika na somo hapo juu. Nilipokea notisi yenu tarehe ___. Nilishindwa marejesho ya miezi ___ kwa sababu ___. Nalima ekari 12 za mpunga Mwamkulu, na mazao huuzwa kati ya Juni na Agosti. Naomba kulipa shilingi 300,000 kila mwezi hadi Mei, na shilingi milioni 5 ifikapo tarehe 31 Agosti. Naomba pia taarifa kamili ya mkopo ikionyesha mtaji, riba, adhabu na tozo nyingine. Nimeambatisha ___."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usiandike "nakiri deni lote" kama hesabu yake bado unaibishia. Omba taarifa ya mkopo kwanza. Na usiahidi kiasi usichoweza kulipa, kwa sababu ahadi iliyovunjwa kwa maandishi itasomwa mbele ya mwenyekiti wa baraza.

Ukiona benki haijibu au imekutoza visivyokuwemo mkatabani, lalamika kwa benki yenyewe kwa maandishi. Usiporidhika, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, kwa mujibu wa kanuni zake za 2019. Lalamiko hilo linaweza kurekebisha hesabu, lakini halisimamishi mnada. Kusimamisha mnada ni kazi ya mahakama au baraza.

Halafu kuna jambo ambalo hupaswi kulifanya hata kama umekata tamaa: kukopa kausha damu ili kulipa benki. Benki ina siku 60, notisi na sheria. Yule mwingine ana vijana wa kuja kuchukua televisheni na magodoro.

Uza mwenyewe

Ushauri huu haupendwi, na nautoa hata hivyo. Kama ukipiga hesabu kwa ukweli unaona deni halilipiki, uza nyumba wewe mwenyewe ndani ya siku 60, kwa makubaliano na benki. Benki nyingi hukubali, kwa sababu mnada ni usumbufu hata kwao. Mnunuzi analipa kupitia benki, deni linakatwa, hati inatolewa rehani na kuhamishwa, na kinachobaki ni chako.

Tuseme nyumba yako iko Makanyagio na bei ya mtaani ni milioni 40. Deni ni milioni 18. Ukiuza kwa haraka lakini kwa hiari, ukapata milioni 36, unabaki na milioni 18 na unaweza kununua kiwanja na kuanza upya. Ikienda mnadani, anayekuja na pesa taslimu anajua una shida. Inagongwa milioni 28. Riba na adhabu za miezi iliyopita zimepandisha deni hadi milioni 21, gharama za dalali na matangazo zinakatwa humohumo, na wewe unabaki na pesa ya kupangia vyumba viwili na kulipia ada. Nyumba ni ileile. Tofauti ni nani aliyeiuza.

Ugumu wa ushauri huu ni aibu. Mtu yuko tayari nyumba ipigwe mnada "kwa uonevu wa benki" kuliko majirani wasikie ameiuza kwa deni. Zungumzeni nyumbani mapema, pamoja na wazee wa ukoo kama kiwanja kina historia ya ukoo, kabla aibu hiyo haijawagharimu mamilioni.

Mwenzi, mdhamini na marehemu

Nyumba ya familia haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na Sheria ya Ardhi inairudia, ikimtaka mkopeshaji achukue hatua za kuridhisha kujua kama mkopaji ana mwenzi. Mkopaji anayedanganya kwa kiapo kwamba hana mke anatenda kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyopungua nusu ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12.

Mama, hilo lisikufanye ulale. Mahakama hutazama benki ilifanya nini. Kama mume aliapa kwamba hajaoa na barua ya mwenyekiti wa mtaa ikamuunga mkono, benki itasema ilitimiza wajibu wake, na kesi yako itakuwa nzito. Dawa ni ya mapema: mwenzi anayehofia nyumba itawekwa rehani kwa siri anaweza kusajili pingamizi kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Katika nyumba yenye wake wawili au watatu, na Katavi ziko nyingi, mke anayeishi katika nyumba husika ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kufika huko. Kama sahihi yako ya ridhaa ilighushiwa, toa taarifa polisi na upate namba ya jalada kabla ya mnada.

Mdhamini aliyetoa hati yake kwa ajili ya mfanyabiashara mwingine, mara nyingi shemeji au rafiki, ana haki ya kupewa notisi kama mwenye nyumba. Asikubali kuambiwa "tulishamwambia mkopaji".

Kama mkopaji amefariki, usianze kulipa wala kugombana na benki kabla hujauliza swali moja: mkopo ulikuwa na bima? Mikopo mingi huambatana na bima ya maisha inayolipa salio mkopaji akifa, na makato yake yalikuwa yakifanyika tangu siku ya kwanza. Familia nyingi hazijui. Nenda na cheti cha kifo, uliza kwa maandishi, na fungueni mirathi ili msimamizi awe na mamlaka ya kuzungumza na benki.

Dalali na ngoma yake

Mnada wa ardhi una masharti yake katika Sheria ya Madalali wa Mnada, sheria ya zamani ambayo bado inatumika. Lazima tangazo litolewe angalau siku 14 kabla, katika mji mkuu wa wilaya ilipo nyumba na pia mahali mnada utakapofanyika. Litaje jina la mwenye nyumba na anapoishi. Tena sheria haikuridhika na karatasi peke yake: inataka tangazo litolewe pia kwa kupiga ngoma, au kwa njia nyingine ambayo asiyesoma ataielewa. Siku hizi ngoma imekuwa gari la kipaza sauti, likizunguka sokoni na mitaani kwa sauti ya kumkera kila mtu isipokuwa wanunuzi.

Kwa hiyo nunua gazeti lenye tangazo, lihifadhi. Piga picha ya bango likiwa limebandikwa, picha ionyeshe tarehe. Muulize mwenyekiti wa mtaa au kijiji kama dalali alipita ofisini kwake, na lini. Mnada wa nyumba ya Mishamo ukitangazwa kwenye gazeti la Dar es Salaam tu, huku kijijini hakuna aliyesikia, hiyo ni kasoro ya kuisemea kabla ya siku yenyewe.

Benki pia ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana kwa wakati huo. Sheria ya Ardhi inasema nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo sokoni, itachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Kwenye mfano wetu wa milioni 40, mpaka ni milioni 30. Ile milioni 28 inahojiwa. Ndiyo maana ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, iliyofanywa kabla ya mnada, ina thamani kuliko malalamiko ya baadaye. Hata mikataba ya mauziano ya majirani waliouza karibuni inasaidia.

Ukifanikiwa kupata pesa, unaweza kulipa deni lote pamoja na gharama mpaka dakika ya mwisho kabla nyundo haijagongwa. Baada ya hapo mlango wa kukomboa umefungwa.

Kuomba zuio

Hapa ndipo siku 60 zinapoonekana kuwa chache. Mgogoro wa nyumba ya thamani isiyozidi shilingi milioni 300 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mpanda. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Lakini tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halihukumu tena. Linasuluhisha tu, nalo lina siku 30 za kufanya hivyo. Baraza la Wilaya hutaka kuona cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Maana yake nusu ya siku zako inaweza kuishia kata. Ukiona mazungumzo na benki hayaendi, fungua shauri kata ndani ya wiki mbili za mwanzo, huku barua zikiendelea.

Kama anayekudai ni taasisi ya Serikali, benki ya umma au halmashauri, mambo yanakuwa mazito zaidi: unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, na shauri huenda Mahakama Kuu. Mawakili hutumia maombi maalumu ya kuomba hali ibaki ilivyo wakati notisi hiyo inasubiriwa. Usijaribu hilo bila wakili.

Zuio halitolewi kwa huruma. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, mahakama huuliza mambo matatu: je, kuna hoja ya maana ya kusikilizwa, utapata hasara isiyofidika, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Kusema "nina watoto" hakutoshi, na mara nyingi hakimu hujibu kwamba uliyeiweka nyumba rehani ulijua inaweza kuuzwa. Kinachosikika ni kasoro zenye ushahidi: notisi haikutolewa, mwenzi hakuridhia, hesabu ya deni imepindishwa, rehani haikusajiliwa.

Wakili ni ghali, na vishoka wa kuandika hati za madai pembeni ya mahakama ni ghali kuliko wanavyoonekana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo kila wilaya. Waulize kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambaye pia ataelekeza kama kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, ina huduma karibu. Nenda na nyaraka zote, zimepangwa kwa tarehe. Mtu akikuambia ana "mtu wake Benki Kuu" wa kufuta mnada kwa laki tano, mpe shikamoo umpite.

Nyundo ikishagonga

Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 25 papo hapo na iliyobaki ndani ya siku 14 au 15. Asipokamilisha, mnada unaweza kurudiwa, na hapo unapata nafasi nyingine ya kukomboa. Fuatilia.

Akikamilisha, Sheria ya Ardhi inamlinda mnunuzi wa nia njema hata kama benki ilikosea hatua. Wewe utabaki na haki ya kudai fidia kwa benki, ila nyumba yenyewe hairudi kirahisi pasipo kuthibitisha udanganyifu. Mnada ulioamriwa na mahakama una nafasi moja zaidi: ndani ya siku 30 unaweza kuomba utenguliwe kwa kuweka mahakamani deni linalodaiwa pamoja na asilimia 5 ya bei kwa ajili ya mnunuzi.

Dai hesabu. Fedha ya mnada hulipa kodi za nyumba, gharama za mauzo na deni, na salio ni lako kisheria. Wapo watu hapa nchini ambao salio lao limelala kwa sababu walikasirika wakaondoka. Andika barua ya kudai mchanganuo. Upande wa pili, kama mnada haukufika deni, benki bado inaweza kukudai kilichobaki, na taarifa yako itakuwa kwenye kumbukumbu za wakopaji kwa mabenki yote.

Kuhusu kutoka: usisubiri vyombo virushwe nje mvua ya Januari ikinyesha. Zungumza na mnunuzi. Wengi watakupa mwezi, hata miwili, kwa maandishi, ukikubali kutoka kwa amani, kwa sababu kesi ya kukutoa inawagharimu pia. Asiyekubaliana nawe anapaswa kupata amri, na amri hutekelezwa na dalali wa mahakama mwenye barua, mchana, mwenyekiti wa mtaa akijua. Kundi la vijana wenye marungu lisilo na karatasi ni jambo la polisi. Ukitolewa, orodhesha kila kitu kilichotoka ndani na msaini na shahidi.

Pa kulala

Msaada wa makazi katika Katavi umetawanyika, tena ni mdogo. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndiye wa kuanza naye kama kuna mzee asiye na mtu, mlemavu, mgonjwa au watoto wadogo. Hana nyumba za kugawa, ila barua yake hufungua milango ya shule, hospitali na taasisi za dini. TASAF husaidia kaya masikini zilizopitishwa na mkutano wa kijiji au mtaa. Haisajili mtu kwa dharura, lakini jina lako haliwezi kupita kwenye mkutano usiouhudhuria.

Mwenye nyumba wa Mpanda, kama wa kwingineko, atataka kodi ya miezi sita au mwaka. Mweleze hali yako na uombe mitatu. Mwenye chumba ambacho kimekaa wazi hukubali. Andikishaneni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga nyumba Ilembo, na ofisi yake inafaa kuulizwa kwa mwenye mshahara, ila kwa aliyetoka kupoteza nyumba bei hizo mara nyingi ziko juu. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hauna riba na ulirejeshwa 2024 baada ya kusitishwa. Huo ni wa biashara. Ukiutumia kulipa kodi ya nyumba, unaingiza kikundi kizima kwenye deni.

Wengi huishia kurudi kijijini, na Katavi ardhi bado inapatikana. Angalia usitolewe mara ya pili. Mkoa huu una Hifadhi ya Taifa ya Katavi na misitu mingi ya hifadhi, na ekari za bei ya kutupa mara nyingi ziko ndani ya mpaka. Kabla ya kutoa shilingi, nenda ofisi ya kijiji uone ramani na mpango wa matumizi ya ardhi, muulize mtendaji mbele ya wajumbe kama eneo hilo ni la kijiji, na sharti la malipo liwe muhtasari wa halmashauri ya kijiji wenye muhuri. Ukishapewa, omba hati ya kimila iandikwe majina ya wote wawili, wewe na mwenzi wako.